Mchezo wa Krismasi Ulivyompa Dada wa Nyumbani Sauti

Akina mama wenzangu, kila ifikapo Desemba husikia wazazi wakilalamika kwamba michezo ya kuigiza ya Krismasi inawapotezea watoto muda. Hata mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi sisemi hivyo tena, na sababu yake inanitia haya, lakini nitaieleza.

Mwaka 1996 tulikuwa tukiishi Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na msichana wa kazi wa miaka 17, aliyetoka kijiji kimoja cha milima ya Usambara. Watoto walimwita dada, nasi wakubwa tukamwita hivyo hivyo. Hakuwa na maneno mengi. Ukimwita aliitika "abee", na akikujibu alitazama sakafu. Niliwasifia wageni kwamba ana adabu. Haikunijia kwamba pengine alikuwa anaogopa tu.

Mwezi Novemba mwalimu wa kwaya alianza mazoezi ya mchezo wa kuzaliwa kwa Bwana. Mwanangu wa kwanza alikuwa mchungaji wa kondoo, na dada ndiye aliyempeleka kanisani kila jioni. Akina mama tulishona nguo. Wachungaji tuliwavisha magunia ya katani, ambayo hayajawahi kuadimika Tanga. Jirani yetu Mwislamu alituazima kanzu tatu na joho kwa ajili ya Mamajusi, akasema wafalme hawawezi kutoka Mashariki wamevaa suruali.

Zilipobaki wiki mbili, mama aliyekuwa mke wa mwenye nyumba ya wageni aliugua malaria. Mwalimu akauliza ni nani ayajuaye maneno yake. Watu wakanyamaza. Mwanangu akasema, "Dada anayajua yote. Huyasema akifua nguo."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ndala za mtoto. Alipoitwa mbele alitetemeka. Sauti haikutoka. Mabinti wawili wa kwaya wakacheka lafudhi yake ya Kisambaa, na mwalimu akawakemea. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alikaa benchi la kwanza, akamwambia, "Usiseme na watu wote. Sema na mimi tu, nikusikie hapa." Siku ya pili akahamia benchi la tatu. Siku ya tatu, la tano. Hakumwambia hata mara moja aongeze sauti. Yeye alirudi nyuma tu, na binti akamfuata kwa sauti. Baada ya siku kumi mwalimu alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, na alisikia kila neno.

Mkesha wa Krismasi kanisa lilijaa, na joto la kaskazi mnalijua. Yusufu na Mariamu wakabisha hodi. Mwenye nyumba akasema hakuna nafasi. Hapo mke wake alitakiwa kueleza kwamba zizini pana majani makavu. Dada akasahau. Alinyamaza kidogo, nami moyo ukanidunda. Kisha akainua uso, akamwambia Mariamu kwa sauti ya benchi la mwisho, "Karibu zizini, mwanangu. Hata mimi hulala jikoni. Si pabaya sana, Mungu anapaona."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani ni maneno ya mchezo. Mimi sikucheka, kwa sababu jiko lile nililijua. Lilikuwa langu, na mkeka wake ulikuwa kando ya mtungi wa maji.

Baada ya Mwaka Mpya alinijia sebuleni jioni. "Shikamoo mama. Naomba kuzungumza nawe." Hakutazama sakafu. Alisema amefanya kazi miezi 14, na mshahara nilisema namtunzia. Aliomba tupige hesabu, kwa kuwa alitaka kujifunza ushonaji wakati wa mchana, watoto wakiwa wamelala.

Nitasema kweli: nilikasirika. Usiku nilimwambia baba watoto kwamba mchezo umemharibu binti wa watu. Akaniuliza, "Amekosa nini katika aliyoyasema?" Nikatafuta, nisipate. Nilikuwa nimezila zile fedha kidogo kidogo, leo sukari, kesho nauli, nikijiambia nitazirudisha. Ilinichukua miezi mitano kumlipa zote. Kitanda alikipata wiki ile ile, chumbani mwa watoto.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka huo huo wa 1996, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango ulioitwa TUSEME. Wasichana wa sekondari walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayatungia michezo, wakaicheza mbele ya walimu na wenzao, kisha wakayajadili. Mpango huo baadaye ulienea hadi nchi nyingine za Afrika. Niliposoma nilimkumbuka dada. Anayecheza huazima kinywa cha mtu mwingine kwanza. Akishaona kwamba watu wamemsikiliza na hakuna baya lililompata, hurudi nyumbani akitumia kinywa chake.

Tena jambo hili si geni kanisani. Mwaka 1223 Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani, pamoja na ng'ombe na punda, katika kijiji cha Greccio huko Italia, ili watu wa kawaida waone kwa macho yao jinsi Bwana alivyozaliwa katika umaskini.

Basi mama, kama kanisa lenu linaandaa mchezo mwaka huu, usiwape nafasi wale wasemaji hodari tu. Mtafute aliye kimya. Mpe maneno machache, umwache ayarudie nyumbani bila kuchekwa. Kaa karibu naye kwanza, kisha urudi nyuma benchi moja moja. Na mchezo ukiisha, uwe tayari kumsikiliza, hata kama atakayoyasema yanakuhusu wewe.

Dada alijifunza ushonaji, akakaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akarudi milimani na cherehani yake. Krismasi moja alituletea mavazi ya malaika aliyoyashona mwenyewe, akakataa malipo. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akazungumza mpaka jua likatua.

Je, nyumbani kwako ni nani anayeyajua maneno yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza?