Wasee, Wazee Ni Sisi

Wasee, sikizeni. Hilo neno "wasee" tunaloitana kila dakika mtaani limetoka kwa "wazee". Tulichukua jina lao tukalifanya letu, halafu wenyewe tukawaacha ushago na redio na mbuzi wawili. Ndiyo maana dadangu aliposema anasomea masta ya uzee na jamii, karibu familia yote ilicheka. Mjomba aliuliza kama siku hizi kuna digrii ya kuosha wazee. Shangazi alisema karo hiyo ingetosha deposit ya ploti.

Mimi sikucheka. Na kabla hujasema natangaza chuo, jua kwamba niliacha changu mwaka wa pili, karo ilipowashinda nyumbani. Maisha yangu sasa ni simu, taa na bando. Sina cha kukuuzia.

Dada ni muuguzi. Ana shifti, ana mtoto, na shosho wetu anaishi naye. Mtu kama huyo hawezi kuacha kila kitu apande ndege akakae darasani Uingereza. Lakini vyuo vikuu kama Southampton cha Uingereza na Southern California cha Marekani hufundisha jerontolojia, yaani elimu ya kuzeeka, kupitia mtandao. Ya dada pia ni ya aina hiyo. Mihadhara imerekodiwa, anaisikiliza saa nne usiku watu wakishalala. Anachukua somo moja moja, kwa miaka kadhaa, kulingana na nguvu na mfuko. Stima ikipotea, mimi ndiye hotspot yake. Malipo yangu ni kusoma noti zake.

Na maze, zile noti si za mchezo. Kuna daktari Mmarekani, Robert Butler, ambaye mwaka 1969 aliupa jina ubaguzi wa umri, ule wa kumdharau mtu kwa sababu amezeeka. Unaujua, hata kama hukuwa na jina lake. Ni pale unampeleka shosho kliniki, halafu daktari anakuuliza wewe anaumwa wapi, kana kwamba yeye ni mkoba uliobeba.

Nikasoma pia kuhusu dimenshia. Sisi nyumbani tulizoea kusema "ni uzee tu" mtu akianza kupotea njia ya kwake. Kumbe si lazima kila mzee afike hapo. Ni ugonjwa wa ubongo. Unaweza kuona hiyo ni tofauti ya maneno tu, mpaka ukumbuke Kilifi. Kule wazee wamekuwa wakiuawa kwa miaka sasa wakishukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Sasa fikiria mzee mwenye dimenshia anayetoka nje usiku wa manane, anaongea peke yake, ameingia boma lisilo lake. Jirani asiyejua ugonjwa huo ataona nini? Hapo elimu si cheti cha kutundika ukutani. Ni mtu kuamka kesho akiwa hai.

Halafu kuna pesa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Mpango wa Inua Jamii umekuwa ukitoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Gawa kwa siku 30: haifiki Sh70 kwa siku. Bei ya unga unaijua. Tunahitaji watu waliosomea kuuliza hayo maswali, wenye hesabu mkononi, wasionyamazishwa na mtu wa ofisi.

Lakini kuna kitu kimoja nakataa. Mlango wa masta unataka digrii. Auntie anayetusaidia kazi za nyumba, aliyeishia darasa la nane, ndiye aliyegundua kwamba shosho anakataa maji jioni kwa sababu anaogopa kuamka kwenda choo gizani. Sisi wengine tulidhani hana kiu. Dada alipoandika insha yake kuhusu wazee na usalama nyumbani, alianza kwa kumhoji auntie. Alama zikaenda kwa dada. Auntie alirudi kwa vyombo.

Open University ya Uingereza ilianzishwa mwaka uleule wa 1969, na ikawafungulia digrii ya kwanza hata watu wasio na vyeti vya shule. Sisi tulipata Open University of Kenya mwaka 2023. Basi mwendo uendelee ushuke chini: kozi fupi za kutunza wazee, kwa Kiswahili, kwenye simu, kwa bei ya auntie. Mjukuu aliyebaki ushago na babu aingie. Hata mimi niingie.

Maana hii story ni yetu. Aliyezaliwa 2003 atafikisha miaka 60 mwaka 2063. Wengi wetu tunaishi kwa kibarua cha leo, boda, mitumba, video, bila payslip na bila pensheni. Dada akimaliza masta yake, nitampigia makofi kwa nguvu zote. Ila siku nitakayoshindwa kufunga vifungo vya shati langu, dada mwenyewe atakuwa ameshazeeka. Atakayenifunga huenda hakufika chuo kabisa, na nataka naye awe amesoma.