Maji ya Sanje na Mchanga wa Simiyu

Kwetu Bariadi, wakati wa kiangazi mto Simiyu huwa mchanga. Kina mama hufukua mtoni humo humo, kisha wakasubiri maji yajikusanye hadi ndoo ijae. Kwa aliyelelewa na mto wa namna hiyo, njia ya maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mkoani Morogoro, ni darasa.

Hupandi bila mwongozaji. Ukiingia chini ya miti, jua hukatika, na sauti ya kijito hukufikia kabla hujakiona. Watoto wetu waliacha kuuliza "bado?" pale tu walipowaona mbega wekundu matawini. Maji yenyewe huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake mita zipatazo 170, na ukiwa juu unayaona mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero yametandazwa kama mkeka. Tulitawadha kwa viganja vichache, maana israfu ni israfu hata ukingoni mwa mto unaotiririka, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza.

Msitu huipokea mvua na kuiachia kidogo kidogo. Ndiyo siri ya kijito kile. Tangu mwaka 1992 unalindwa kama hifadhi ya taifa, na ulinzi una gharama yake. Hadi mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ikaondolewa. "Sasa wanapikia nini?" mke wangu aliuliza. Ni swali ambalo watalii, nadhani, hawaliulizi mara nyingi.

Sisi hatuna misitu ya milimani, lakini Wasukuma wana ngitili: malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti vipate kurudi, yakafunguliwa kiangazi kinapokaza. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 tungali mkoa wa Shinyanga, uliihuisha desturi hiyo. Ngitili haileti maporomoko. Hushika udongo, na kuni zake hukatwa kwa utaratibu waliokubaliana wenyewe.

Nimeiandikia kamati yetu ya msikiti kuomba kipande cha wakfu kilicho kando ya korongo kifungwe msimu ujao, na kina mama wa mtaa watengewe siku yao ya kuni. Wapo wajumbe wanaotaka pamba ilimwe pale, nao wana hoja, kwani paa la madrasa linavuja. Kikao ni Ijumaa, baada ya swala.