Kujua Ulipo na Kusikika Ni Mambo Mawili



Tangu vijana wetu watangaze kwamba watapanda Mlima Kenya mwezi wa nane, wazazi kadhaa wameniuliza, "Pasta, huko juu simu zikikosa mtandao itakuwaje?" Swali hilo ni la haki. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na njiani kuna mabonde ambako simu haishiki kabisa. Michango tuliyopata inatosha kifaa kimoja tu. Basi tukichague kwa akili, maana uhai wa watoto wa watu haubahatishwi.

Tuelewane kwanza. GPS haitegemei mtandao wa simu. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu yetu kilomita 20,200 hivi, na kikizipata angalau nne kinapiga hesabu na kukuonyesha ulipo. Hata simu yako hufanya hivyo ukiwa umezima mtandao. Itakachokosa ni ramani. Kwa hivyo kila kijana aweke programu kama Organic Maps au OsmAnd, apakue ramani ya mlima akiwa nyumbani, aifungue mtandao ukiwa umezimwa aone kama inafanya kazi. Hilo halina gharama kubwa.

Lakini simu ina udhaifu wake. Baridi ya usiku hunyonya chaji. Kioo kikilowa mvua hakisikii kidole, na ukivaa glavu ni taabu zaidi. Ndiyo maana wapandaji wengi hununua kifaa cha mkononi kama Garmin eTrex. Kinavumilia mvua, kina vitufe vya kubonyeza, na kinatumia betri mbili ndogo za AA ambazo utazipata hata Nanyuki mjini. Zikiisha, unaweka nyingine na safari inaendelea.

Sasa nisikilize vizuri, mpendwa. Kifaa cha namna hiyo kinapokea tu, hakiiti msaada. Kijana akivunjika mguu kule Gorges Valley, upande wa Chogoria, kitamwonyesha mahali alipo, pengine kwa tofauti ya mita chache. Hakitamwambia mtu mwingine yeyote. Atajua alipo, na bado atakuwa peke yake.

Kuna aina ya pili. Garmin inReach hutuma na kupokea ujumbe mfupi kupitia setilaiti za Iridium, na ina kitufe cha SOS. Ukikibonyeza, mahali ulipo panafika kwenye kituo kinachofanya kazi saa 24, nacho huwasiliana na waokoaji wa eneo husika. Kwetu, KWS ina kikosi cha uokoaji Mlima Kenya. Ile ndogo, inReach Mini 2, ina uzito wa gramu 100 tu. Kioo chake ni kidogo na hakina ramani kamili, lakini ramani vijana watakuwa nazo kwenye simu.

Ushauri wangu kwa kamati ni huu: tununue cha aina ya pili. Kujua walipo, simu zitawasaidia. Kusikika ndiko hawana.

Tukikinunua, tusikose haya:

1. Huduma ya setilaiti hulipiwa. Bila malipo hayo, kitufe cha SOS ni pambo. Ilipiwe mapema, na ujumbe wa majaribio utumwe tukiwa hapa nyumbani.

2. Kinahitaji kuona anga. Ndani ya msitu wa mianzi au chini ya jabali, ujumbe unaweza kuchelewa. Tokeni mahali pa wazi, msubiri.

3. Wajifunze kukitumia wawili au watatu. Je, aliyeanguka akiwa ndiye pekee anayekijua?

4. Wekeni alama langoni na kila kambi, kabla ukungu haujashuka. Betri za akiba zilale ndani ya mfuko wa kulalia, zisipoe.

5. Kifaa hakichukui nafasi ya kiongozi wa mlima. Mkiambiwa rudini, rudini.

Mnaijua habari ya wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Kilichowatenga ni mafuta ya akiba, na saa ya kuyatafuta ilikuwa kabla ya usiku wa manane. Maandalizi ya mahali pasipo na mtandao hufanywa mahali palipo na mtandao.

Na wewe usiyepanda mlima wowote mwezi wa nane, neno hili ni lako pia. Kanisani mwetu wapo watu wanaojua vizuri sana walipo. Wanajua deni ni kiasi gani. Wanajua ndoa imefika wapi. Wanajua walianza kunywa lini. Hawajamwambia mtu. Ndugu yangu, dada yangu, kujua ulipo hakutoshi kukutoa bondeni. Omba, na pia tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie. Mlango wangu uko wazi, na simu ya mama mchungaji pia.

Kamati tukutane Jumapili baada ya ibada ya pili. Wazazi, njooni na maswali yenu yote.