Kambale wanapopanda mto Ilemba

Ndugu zangu, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa. Nilikuwa likizo Ilemba, kwa mjomba, na nimerudi na jambo ambalo nisipoliandika litaendelea kunikaba kooni.

Kwa wasiopafahamu: ukimtajia mtu wa Dar neno Sumbawanga, swali la kwanza ni wachawi. Ilemba ndiyo hajaisikia kabisa. Basi, unatoka Sumbawanga mjini asubuhi ukiwa na sweta, unavuka uwanda wa Ufipa, halafu unaanza kushuka milima ya Lyamba lya Mfipa. Mpaka ufike chini kwenye ziwa umeshuka karibu mita 1,000. Sweta umeshalivua njiani. Mbele yako ni bonde la Ziwa Rukwa, na Ilemba iko humo bondeni.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanywa. Miaka ya mvua nyingi ziwa linapanuka na kumeza mbuga, miaka ya ukame linarudi nyuma na kuacha tope lililopasuka. Samaki wake wamezoea kuisubiri mvua kama wakulima wanavyoisubiri.

Nikiwa chuo, jamaa mmoja wa hosteli alituonyesha filamu ya samoni, wale samaki wa Marekani na Kanada wanaopanda mito majira ya vuli kwenda kutaga, wakiruka maporomoko huku dubu wamekaa wanawasubiri. Chumba kizima kilishangaa. Mimi nikasema hata kwetu wapo. Wakacheka sana.

Lakini wapo. Kwetu ni kambale, na majira yao ni mvua za kwanza, kuanzia Novemba kuelekea Januari. Mto ambao juzi ulikuwa mchanga na madimbwi unashuka ghafla ukiwa mwekundu. Kambale wanauingia, wanapanda, wanasambaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina cha goti. Wanataga usiku. Jike mkubwa anabeba mayai makumi ya maelfu, yananata kwenye majani, na maji yakiwa ya uvuguvugu yanaanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Samoni wa Pasifiki akimaliza kutaga anakufa. Kambale hafi, anageuka na kurudi kwenye maji mengi. Yaani kama hajakutana na mjomba.

Mjomba anatega wavu. Na hapa ndipo ilipo habari yangu.

Mvua za mwaka juzi nilikuwa Ilemba na kamera ya ofisini. Niliona mito imezibwa ukingo hadi ukingo kwa nyavu za macho madogo, na kambale wakitumbuliwa mayai yakiwa yamejaa beseni. Niliandika. Nikaitaja Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, nikawaita watu wale wavuvi haramu, nikatoa picha nzuri ya wavu uliokatiza mto mzima alfajiri. Mhariri alinipongeza. Habari ikatoka ukurasa wa ndani, nusu ukurasa, jina langu juu.

Wiki chache baadaye maofisa wakashuka bondeni. Nyavu zikakusanywa, zikachomwa moto.

Wavu wa kwenye picha ulikuwa wa mjomba. Nilijua wakati napiga. Nilihakikisha uso wake hauonekani, nikajiambia hiyo inatosha.

Safari hii nilipofika alinipokea vizuri. Shangazi akasonga ugali wa ulezi, tukala kambale wa kukaushwa kwa moshi. Baada ya chakula mjomba akaingia ndani, akatoka na gazeti lililokunjwa mara nne. Alikuwa amelitunza.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Ila kuna kitu umesahau."

"Kitu gani, mjomba?"

"Huu wavu ndio uliokusomesha."

Sikuwa na la kujibu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Niliingia kidato cha kwanza kabla ada hazijafutwa mwaka 2016. Godoro, tranka la bati, ada, nauli ya kupanda mlima kila Januari, vyote vilitoka kwa mjomba. Na shule zilifunguliwa Januari, wakati kambale wanapanda. Chuo nilipata mkopo wa serikali, lakini sekondari yangu ilikuwa mayai ya kambale.

Nikamuuliza, kwa heshima, kama hajaona kuwa samaki wanapungua. Akasema ameona. Zamani, akasema, babu yako alitega migono upande mmoja tu wa mto, upande wa pili akauacha wazi. Nikamuuliza kwa nini yeye asiache. Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno:

"Nikiacha nusu, aliye juu yangu anaziba hiyo nusu. Samaki hafiki. Mimi nimelala njaa na yeye hafiki vilevile."

Sasa, mimi ni mwandishi, nilikwenda kusoma. Nikakutana na ningu wa Ziwa Viktoria. Alikuwa samaki wa kupanda mito wakati wa mvua, Nzoia, Yala, Kagera, na watu walimsubiri kama Ilemba tunavyomsubiri kambale. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka 1905, baadaye zikatandazwa kwenye midomo ya mito wakati ningu wanaingia kutaga. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi huo ulikuwa umeanguka. Tunapenda kumlaumu sangara kwa kila kitu, lakini ningu alikwisha vunjika kabla sangara hajaenea. Jirani zetu wa Mto Luapula, Zambia na Kongo, walimpoteza mpumbu kwa njia hiyohiyo katikati ya karne iliyopita.

Nikasoma pia kuhusu wale samoni. Kule Alaska watu huhesabu samaki wanaopita kupanda mto. Wakishapita wa kutosha kwa mbegu, uvuvi unafunguliwa. Wasipotosha, unafungwa, kwa wote. Na si mambo ya wazungu tu. Ziwa Tanganyika, upande wetu, lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Migebuka na dagaa vilipanda bei Sumbawanga, watu wakalalamika, lakini hakuna mvuvi aliyekuwa mjinga kwa kutii peke yake. Si lazima mtu awe mwema kuliko jirani yake. Anachohitaji ni uhakika kwamba nusu anayoiacha wazi haitazibwa na mwingine.

Hilo halikuwemo kwenye habari yangu. Niliandika kana kwamba mjomba hajui kambale mwenye mayai ni nini. Anajua kuliko mimi. Nilimwita haramu, basi, nikapanda gari kurudi mjini.

Usiku wa mwisho mvua ilinyesha huko juu milimani. Saa nane tukasikia mto unakuja. Mjomba akachukua tochi na wavu mpya, alioununua kwa kuuza mbuzi wawili. Nikamfuata. Akanipa ncha moja, akaniambia nivuke. Maji yalinifika kiunoni, na kambale walikuwa wananigonga miguu, mmoja baada ya mwingine, wakipanda.

Nilifika ng'ambo nikafunga ncha kwenye mti. Ndiyo, nilifunga. Sikuwa na uso wa kumwambia hapana.

Alfajiri tulikuwa na mabeseni mawili. Moja mjomba alinipa niwapelekee wadogo zangu mjini.

Sisemi niliyoyaandika mwaka juzi yalikuwa uongo. Kila sentensi ilikuwa kweli, na nyavu zile zitawamaliza kambale wa Ilemba kama zilivyowamaliza ningu. Lakini palikosekana sentensi moja, nami ninaiweka leo, nikiwa nimechelewa: mwandishi wa habari hii alisomeshwa na wavu unaouona pichani.

Ni hayo tu kwa leo. Alamsiki.