Mgeni anauliza, mwenyeji hana jibu

Najua nimepotea tena, mdogo wangu wa Dodoma kashanitumia ujumbe kuuliza kama blogu nimeifunga. Hapana jamani, ni zamu za usiku tatu mfululizo, ukitoka hapo hata kuoga unaona kazi. Leo nimepumzika, nje mvua na baridi kama kawaida ya Uingereza, chai ipo, basi tuongee.

Mama, mwanzo huu una mambo ya kompyuta, usiniache, mbele tutafika wodini.

Laptopu yangu inatumia Linux, huyo huyo dogo ndiye aliyeniwekea nilipokuja likizo, eti anakimbia virusi. Sasa kuna kozi nasoma, na programu yake ya mazoezi inataka Windows tu. Dogo akasema nisinunue kompyuta nyingine, niiweke Windows ndani ya Linux kama mpangaji wa chumba kimoja. Kinachowezesha hilo kinaitwa haipavaiza. Yangu ni KVM, ambayo imo ndani ya Linux tangu 2007. Linux ndiyo mwenyeji, Windows ni mgeni, na mgeni anadhani nyumba nzima ni yake. Nikafuata maelekezo, Windows ikaanza kuwaka, mara skrini ya bluu. Nikarudia. Bluu. Mara ya tatu nikampigia simu dogo nikiwa nimefura.

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya prosesa kuna visanduku vidogo vya kuwekea namba, vinaitwa rejista. Vingine vinatofautiana kati ya modeli na modeli, kila kimoja kina namba yake, na watengenezaji hawavielezi vyote kwenye vitabu vyao. Intel ilipotoa Pentium mwaka 1993, baadhi ya mambo iliyaficha kwenye nyongeza iitwayo H, huipati mpaka usaini kutunza siri. Na mwaka 2010 mtu mmoja alitangaza kwamba prosesa za AMD zina rejista ambazo hazifunguki mpaka kwanza uweke namba fulani ya siri. Kama mlango wa stoo ya dawa kabisa!

Basi mgeni akitaka kusoma rejista ambayo hajaruhusiwa kuigusa mwenyewe, prosesa humsimamisha na kumwita mwenyeji: huyu anauliza hiki, mjibu. Kama mwenyeji anaijua, anajibu. Kasheshe ni pale asipoijua. KVM kwa kawaida yake hukataa, inamrudishia mgeni kosa. Mimi nilikuwa nimemwambia mgeni kwamba prosesa yake ni ile ile halisi ya laptopu, kwa hiyo Windows ikaenda kwenye rejista ikiwa na uhakika ipo, ikapigwa kosa, ikaanguka.

Dawa yake, akasema dogo, ni swichi moja ndani ya KVM, inaitwa ignore_msrs. Ukiiwasha, mgeni akisoma rejista isiyojulikana anapewa sifuri, na akiandika kitu kinatupwa kimya kimya. Mgeni hajui chochote, anaendelea na maisha yake.

Hapo ndipo mimi niliponyamaza kwenye simu, dogo akadhani mtandao umekata.

Sijawahi kuwasimulia hili. Mwaka wangu wa kwanza huku, usiku, nilikuwa na mgonjwa mzee mwenye mpira wa mkojo. Kila saa unapima mkojo, unaandika kwenye fomu. Saa tisa usiku mgonjwa wa kitanda kingine akazidiwa, tukakimbilia huko, sikurudi kwa mzee mpaka karibu saa kumi na moja. Kwenye visanduku vya saa tisa na saa kumi nikaandika 0. Nilimaanisha sijapima. Daktari alipopita alfajiri akasoma kilichoandikwa: saa mbili mzee hana mkojo hata tone. Akaagiza dripu iende haraka, kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa dhaifu. Mkuu wa zamu ndiye aliyeinama akatazama mfuko. Umejaa. Dripu ikafungwa, mzee hakudhurika, alikuwa anaomba chai. Mimi nililia chooni. Ningeandika "haikupimwa" daktari angeniuliza tu.

Kwa hiyo sifuri naijua. Nikamuuliza dogo kama hao wataalamu hawalioni hilo, akanicheka, kumbe ndiyo wanayobishania. Kuna haipavaiza nyingine, Xen, iliyozaliwa hapa hapa Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Hiyo zamani mgeni akiuliza rejista isiyojulikana ilimsomea ya prosesa yenyewe, yaani mgeni anachungulia chumbani kwa mwenyeji! Mwaka 2021, kwenye toleo la 4.15, wakabadili, sasa inakataa. Sababu moja ni hiyo siri, na nyingine nimeipenda zaidi: wapo wageni wanaobisha hodi makusudi ili wakipata kosa wajue kitu hakipo. Ukiwadanganya unawapoteza. Na KVM nayo, tangu Linux 5.10 ya Desemba 2020, swali lisilo na jibu inaweza kulipeleka kwa programu inayomsimamia mgeni iamue yenyewe. Huyo ndiye mkuu wangu wa zamu.

Sasa mtaniuliza nilifanya nini. Swichi nimeiwasha, mtihani ni wiki ijayo :-) Windows imewaka, kozi inafunguka. Nafsi yangu haijatulia sana, ila KVM angalau inaandika kwenye kumbukumbu zake inavyovipuuza, na mimi nimezisoma. Dogo, namba nilizozikuta nimekuandikia kwenye karatasi, picha nakutumia leo usiku, niambie kama unazijua.

Shangazi, khanga zimefika salama, asante sana, ile ya njano nimeshaanza kuivaa ndani. Bibi msalimieni, mwambieni nakula vizuri. Kesho narudi zamu.