Norfolk, nyumbani kwa magari mepesi

Ukitaja Uingereza wengi wetu tunafikiria London: mabasi mekundu ya ghorofa, Big Ben na maduka ya Oxford Street. Mwezi huu nakupeleka kwingine kabisa. Panda treni kituo cha Liverpool Street, kaa karibu saa mbili ukiangalia mashamba, shuka Norwich. Hapo umefika Norfolk, nchi tambarare yenye anga kubwa, makanisa ya mawe kila kijiji, na watu wasio na haraka. Ajabu ni kwamba huku kwa watu wasio na haraka ndiko yanakotengenezwa magari ya mbio ya Lotus.

Wenyeji wangu walikuwa mdogo wangu wa kike na mumewe. Shemeji ni kijana wa Moshi, mpole, anafanya kazi hospitali. Ana ugonjwa mmoja tu: Lotus Elise ya mwaka 2005, ya mtumba, viti viwili, rangi ya fedha. Nilipofika mwezi Juni nyumba ilikuwa na mjadala. Shemeji alitaka kuifunga injini supachaja. Mdogo wangu alitaka mama apate viza na tiketi aje kumwona mjukuu wake. Kibubu kilikuwa kimoja.

KIJIJI KILICHOKUWA KAMBI YA NDEGE

Kesho yake shemeji akanipeleka Hethel, kijiji kidogo kusini-magharibi mwa Norwich. Kuingia kwenye Elise si mchezo. Gari liko chini kama mkeka, na ukingo wa mlango ni mpana, kwa hiyo unatanguliza mguu, unakalia ukingo, halafu unajimwaga ndani. Usivae sketi ya kubana, nakuonya mapema!

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Hethel ilikuwa kambi ya ndege za Marekani za kudondosha mabomu. Mwaka 1966 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alihamishia kiwanda chake hapo. Njia za ndege zikawa uwanja wa kujaribia magari. Chapman, aliyefariki mwaka 1982, alikuwa na imani moja kubwa: usikimbilie kuongeza nguvu, punguza uzito kwanza. Nguvu inakusaidia kwenye barabara iliyonyooka, lakini wepesi unakusaidia kila mahali: kwenye kona, kwenye breki, hata kwenye mafuta.

Elise, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ni mtoto wa imani hiyo. Jina lilitokana na Elisa, mjukuu wa Romano Artioli aliyekuwa mkubwa wa kampuni wakati huo. Fremu yake ni ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi maalumu, na bodi ni ya faibaglasi. Zile za kwanza zilikuwa na kilo zipatazo 725 tu. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2021, kwa hiyo sasa zinazonunuliwa ni za mtumba.

INJINI UNAYOIJUA

Unajua injini ya Elise ya shemeji ni ya nani? Toyota! Elise za kwanza zilitumia injini ya Rover, iliyosifika kwa wepesi na kulaumiwa kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kuanzia mwaka 2004 zikaanza kuja na injini ya Toyota ya 2ZZ, sisi 1800, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha. Ni injini ileile iliyofungwa kwenye Celica na kwenye Toyota RunX ya toleo la Z. Ndiyo, RunX hizihizi za mitaa ya Dar na Nairobi, ingawa nyingi mnazoziona zina injini ndogo.

Injini hii ina nguvu za farasi zipatazo 190. Elise ya shemeji ina kilo kama 860. Piga hesabu mwenyewe: ni farasi 220 kwa kila tani. RunX ya kawaida ya sisi 1500 ina farasi wapatao 110 na uzito unaozidi tani moja. Yaani kila farasi wa Elise anavuta nusu tu ya mzigo.

Na ina siri yake. Ukiendesha taratibu imepoa kama ya kwenda sokoni. Mzunguko ukifika kama 6,200 kwa dakika, kamshafti inahamia kwenye meno marefu zaidi, vali zinafunguka zaidi, na sauti inabadilika ghafla nyuma ya kisogo chako. Nilipiga kelele, sikatai.

ORODHA YA SHEMEJI

Jioni tukapita gereji ya fundi mmoja wa magari haya, mzee mwenye mikono myeusi ya oili. Shemeji akatoa orodha yake, fundi akaipitia moja moja.

Ekzosi na filta ya hewa: utapata sauti nzuri na uzito utapungua kidogo, lakini farasi wachache sana, kwa sababu injini hii ilishakamuliwa vizuri kiwandani. Kupanga upya kompyuta ya injini: inasaidia, hasa kushusha ule mzunguko ambapo kamshafti inahama, ili nguvu isichelewe kuja. Kubadili injini nzima, kama wengine wanavyoweka ya Honda: ni kazi ya mtu ambaye injini yake imekwisha.

Ikabaki supachaja. Fundi hakuikandia. Lotus wenyewe waliifunga kwenye Elise SC ya mwaka 2008 na kufikisha farasi 218, na uzuri wake ni kwamba gari linavuta tangu chini. Lakini supachaja haiji peke yake. Inaleta joto, inataka mafuta ya kutosha na kompyuta iliyopangwa kwa ajili yake, na klachi nayo inabeba mzigo. Bima lazima iambiwe.

Halafu akauliza swali ambalo shemeji hakulitegemea: "Tairi zako zina miaka mingapi?"

Kimya.

SNETTERTON

Jumamosi tukaenda Snetterton, kando ya barabara ya A11, uwanja mwingine wa mbio uliozaliwa kwenye kambi ya ndege. Kuna siku ambazo mtu wa kawaida analipia na kuingia na gari lake. Wanapima kelele kwanza. Ekzosi ikizidi kiwango, hauingii. Njia ndefu ya hapo ni karibu kilomita 4.8, ina sehemu ndefu zilizonyooka na kona za kila aina.

Shemeji aliendesha vizuri, ila kila kona alishika breki mapema na kuchelewa kukanyaga mafuta. Kisha mwalimu wa uwanja akachukua usukani. Gari lilelile, injini ileile, tairi zilezile za zamani. Sekunde kadhaa zikapungua kila mzunguko! Shemeji alishuka akicheka, lakini alikuwa ameelewa. Farasi aliowatafuta kwenye duka la vipuri, wengine walikuwa mguuni kwake.

MEZANI

Usiku ule, kwenye sahani ya ndizi nyama, mdogo wangu akasema lililokuwa moyoni. "Baba, mimi gari lako nalipenda. Kilichoniuma ni kwamba ulishapanga na fundi kabla ya kupanga na mimi."

Nikanyamaza. Ya wawili humalizwa na wawili.

Shemeji akaomba radhi, akachukua kalamu. Tairi mpya. Oili mpya ya breki. Sampu yenye vizuizi, ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona kali na kuiacha injini kavu. Siku mbili na mwalimu. Kompyuta ya injini mwakani, Mungu akipenda. Supachaja ikapigwa mstari. Chini kabisa akaandika: tiketi ya mama.

UKITAKA KWENDA

Viza ya Uingereza ombeni mapema. Norwich usikose soko lake na kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1096. Hethel, ulizia mti wa kale wa miiba karibu na kanisa la kijiji. Ni hifadhi ndogo ajabu. Beba sweta hata Juni.

Na kama mwenzio ana gari, pikipiki au mashine yoyote anayotaka kuiongezea nguvu, msimkatalie kwa hasira. Muulize ataitumia wapi, tairi na breki zikoje, na kibubu kina kazi gani nyingine. Halafu, dada yangu, panda naye mzunguko mmoja kabla ya kujibu.