Mgosi Aliyetuvusha Ndola

Joel Nkaya Bendera alipofariki Muhimbili tarehe 6 Desemba 2017, taarifa nyingi nilizosikia redioni zilianza na vyeo: mkuu wa mkoa mstaafu wa Manyara, kabla ya hapo Morogoro, mbunge wa zamani wa Korogwe Mjini, aliyewahi kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Ukocha ulitajwa mwishoni. Kwetu Korogwe mambo yalikuwa kinyume. Wazee wenzangu barazani Manundu hawakuugusa ukuu wa mkoa. Walizungumzia Ndola mpaka giza likaingia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha mpira wa shule Handeni na Korogwe maisha yangu yote ya kazi, na kama nina ubishi mmoja ambao sijauacha, ni huu wa Bendera.

Nilizaliwa kambi ya mkonge Ngombezi. Baba alikata mkonge, mama alilima mahindi. Mpira wetu ulikuwa makaratasi na matambara yaliyozongwa kwa kamba ya mkonge, na kamba haikuwa shida kwa watoto wa kambi. Nikasoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Handeni. Ndiko nilikokuwa Agosti 1979.

Vijana wa leo hawaujui mwaka ule. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Kampala ilianguka Aprili, na hapo kijijini palikuwa na nyumba zilizokuwa zikingoja wanajeshi wao. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, betri za redio za kutafuta kwa tochi. Dar es Salaam tulikuwa tumeifunga Zambia 1-0, na kule Ndola sare tu ingetosha. Tulikusanyika kwenye redio ya mwenyekiti wa kijiji, wanaume kwa wanawake, hata waliokuwa hawajui mpira ni dakika ngapi. Zambia wakatangulia. Nakumbuka mzee mmoja wa Kizigua aliinuka akaenda kufunga mbuzi wake, akisema hataki kusikia mengine. Dakika za lala salama Peter Tino akasawazisha, na mzee akarudi mbio kwa kelele zetu. 1-1. Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Aliyeinoa timu katika safari hiyo alikuwa Bendera, mgosi, yaani mwanamume wa kwetu, wa Korogwe. Kwangu mimi, mwalimu mgeni wa kazi mwenye mipira miwili iliyochanika, habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko bao. Ilimaanisha kwamba mtu wa huku kwetu, penye mkonge na reli ya Tanga, anaweza kusoma mpira kama kazi, akaujua, na taifa likamkabidhi timu yake.

Fainali zilichezwa Lagos, Machi 1980. Tulifungwa 3-1 na Nigeria wenyeji, 2-1 na Misri, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Jella Mtagwa, Leodegar Tenga, Juma Pondamali, Mohamed Rishard Adolph, Thuweni Ally: majina hayo wanafunzi wangu waliyakariri kama jedwali la kuzidisha. Lakini kule Lagos kocha mkuu alikuwa Mpoland, Slawomir Wolk, na Bendera akawa msaidizi wake.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haujaisha. Wapo wanaosema timu ilikwenda na Mzungu, basi heshima ni ya Mzungu. Nami nasema heshima ya kufika ni ya aliyefikisha. Wolk simdharau, alifanya kazi aliyoitiwa. Ila mechi ngumu kuliko zote huwa ni ile ya ugenini yenye uwanja uliofurika na matokeo ya kulinda, na mechi hiyo ilikwishachezwa kabla ya Lagos.

Barazani hunijibu kwamba Bendera alipokuwa naibu waziri, serikali ileile ililipa mshahara wa kocha Mbrazili wa timu ya taifa, Márcio Máximo. Kweli. Máximo alitupeleka CHAN ya 2009, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na alijaza uwanja. Sijawahi kusema mgeni asije. Nasema mwenyeji asigeuzwe mbeba koni baada ya kazi nzito kwisha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Miaka mingi niliandaa timu ya shule za msingi. Handeni maji ni taabu. Kiangazi watoto hufika shuleni wakiwa wamekwishatembea na ndoo tangu alfajiri. Nikajifunza kutowakimbiza asubuhi. Mazoezi yangu yalikuwa jioni, mafupi, mpira mguuni tangu mwanzo, na mbio zilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Tukaanza kushinda. Mwaka tulioteuliwa kwenda mashindano ya mkoa, ofisi fulani ikaleta mtaalamu kutoka mjini wiki ya mwisho. Aliwakimbiza watoto wale kilomita nyingi alfajiri, siku baada ya siku. Uwanjani Tanga misuli ikawakaza kipindi cha pili, mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu akaandika ripoti kwamba watoto wa Handeni hawana pumzi. Walikuwa na pumzi. Hakuwauliza waliamka saa ngapi.

Ndiyo maana Januari 2024, timu yetu ilipokuwa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, nilishindwa kukaa kitini. Tumefungwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche amesimamishwa, timu akapewa mzalendo Hemed Suleiman. Akatoka sare na Zambia, Zambia ileile, 1-1, kisha 0-0 na Kongo. Novemba 2024 akaifunga Guinea na kutufuzisha tena. Fainali zilipokaribia, timu akakabidhiwa Miguel Gamondi. Gamondi alituvusha makundi kwa mara ya kwanza katika historia, na nilimpigia makofi kwa moyo mweupe. Lakini aliyefungua mlango ni nani? Ni hadithi ya 1979 inayorudiwa, na wengi wa waliokuwa wakiisimulia luningani hawakujua kwamba inarudiwa.

Nyinyi wachambuzi vijana, nawasikiliza kila wiki. Mnajua idadi ya pasi za kiungo wa Manchester City, mnachora mishale kwenye kioo, na kazi hiyo ni nzuri. Basi ifanyeni na huku. Nendeni mkawarekodi waliocheza Ndola wangali hai. Waulizeni mazoezi yalikuwaje, walikula nini, kocha aliwaambia nini wakiwa nyuma kwa bao moja. Mchambuzi asiyejua timu ya nchi yake ilifuzu vipi mara ya kwanza anazungumza nusu ya mpira.

Na halmashauri zetu za Korogwe na Handeni naziomba jambo moja: anzisheni kombe la shule lenye jina la Joel Bendera, na timu za kombe hilo zisimamiwe na walimu waliozifundisha, kuanzia mechi ya kwanza hadi fainali.